Kuweka Sharti la Lugha ya Kigeni katika Shahada: Mwongozo kwa Idara za Vyuo Vikuu vya Uganda

Programu ya shahada inapofanyiwa mapitio, haikosi kufika saa ambapo mjumbe mmoja wa kamati ya mitaala anapendekeza kwamba wahitimu wajue walau lugha moja ya kigeni, na wenzake, ambao wamekwisha kuchoka na wanataka kufunga kikao, wanakubali bila ubishi. Sentensi moja inaingizwa katika rasimu: "Mwanafunzi atalazimika kusoma lugha moja ya kigeni." Hakuna anayeuliza ni lugha ipi, kwa kiwango gani, nani ataifundisha, wala mwanafunzi atakayeshindwa atafanywaje. Maswali hayo huibuka siku chache kabla ya mahafali, yakiwa mikononi mwa msajili wa masomo, mbele ya wanafunzi waliofaulu kozi zote isipokuwa hiyo.

Mwongozo huu unawalenga wakuu wa idara, waratibu wa programu na wajumbe wa kamati za mitaala wanaotaka kuliandika sharti hilo vizuri, au kuamua kwa sababu za msingi kwamba hawalihitaji. Hoja yake ni kwamba sharti la lugha huwa na maana pale tu saa ambazo chuo kiko tayari kuzifundisha zinapolingana na kiwango ambacho mwanafunzi anadaiwa. Pasipo ulinganifu huo, chuo kinadai kisichokuwa kimetoa.

Jambo moja la awali: tenganisha sharti la kuingilia, sharti la kuendelea na sharti la kuhitimu. La kwanza linamtaka mwombaji awe tayari anaijua lugha, kwa mfano mwombaji wa shahada ya Kifaransa anayetakiwa kuwa amefaulu Kifaransa katika UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita. La pili linamzuia mwanafunzi kuingia mwaka unaofuata au kwenda mafunzo kwa vitendo kabla ya kufika kiwango fulani. La tatu linamzuia kupewa shahada. Kamati nyingi huchanganya haya matatu katika aya moja, na wakili yeyote wa mwanafunzi aliyezuiwa kuhitimu ataanzia hapo. Mwongozo huu unashughulikia zaidi sharti la tatu, kwa kuwa ndilo linaloumiza likikosewa.

Hatua ya kwanza: Taja kazi itakayofanywa kwa lugha hiyo

Kabla ya kutaja lugha, andika katika sentensi moja ni nani atafanya nini kwa lugha hiyo, mahali gani na mbele ya nani. Sentensi kama "mhitimu ataweza kushindana katika soko la utandawazi" haitaji kazi yoyote, na rasimu iliyobeba sentensi ya namna hiyo irudishwe kwa aliyeiandika. Linganisha na hii: "Mhitimu wa utalii ataweza kuwapokea wageni wanaozungumza Kijerumani, kuwaeleza taratibu za usalama kabla ya kuwaingiza msituni Bwindi, na kuyajibu maswali yao ya kawaida kuhusu sokwe, hali ya hewa na malazi." Hapo tayari tumejua kwamba kinachotakiwa ni kusikiliza na kuzungumza, kwamba msamiati una mipaka, na kwamba insha ndefu ya Kijerumani haimsaidii mtu huyu kwa lolote.

Kazi hutofautiana sana kutoka programu moja hadi nyingine, na tofauti hizo ndizo zinazoamua yote yatakayofuata. Muuguzi au mhitimu wa ustawi wa jamii atakayepangiwa kazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, atakutana na Wakongomani wengi wanaoeleza maradhi na misiba yao kwa Kiswahili. Mhandisi atakayeajiriwa katika miradi ya mafuta ya Ziwa Albert anaweza kujikuta chini ya kampuni ya Kifaransa upande wa Tilenga au ya Kichina upande wa Kingfisher, ingawa inafaa tukiri kwamba mikataba na maelezo ya usalama katika miradi hiyo huandikwa pia kwa Kiingereza, hivyo lugha nyingine ni faida kwake kuliko lazima. Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa anayetazamia kazi katika Umoja wa Afrika atanufaika na Kifaransa au Kiarabu.

Kisha kuna utafiti. Mwanafunzi wa uzamivu anayeandika historia ya Buganda ya mwishoni mwa karne ya 19 hawezi kukwepa shajara na barua za Mapadri Weupe, ambao kundi lao la kwanza, Padri Siméon Lourdel akiwemo, lilifika mwaka 1879. Maandishi hayo yako kwa Kifaransa, na sehemu kubwa imehifadhiwa Roma. Anayechunguza mipaka yetu ya kusini au biashara ya Ziwa Victoria wakati wa Wajerumani atakuta majalada ya Kijerumani katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Tanzania, Dar es Salaam, na mengine Berlin. Kwa watu hawa sharti la lugha ni chombo cha kazi, sawa na takwimu kwa mchumi, na kwa maoni yangu ndio wenye hoja nzito kuliko wote, ingawa ndio wanaosahauliwa sana.

Ikiwa baada ya majadiliano ya haki idara haikupata sentensi inayotaja kazi, ifanye lugha kuwa somo la hiari na iishie hapo.

Hatua ya pili: Chagua lugha, na uamue Kiswahili kimekaa upande gani

Kwa Uganda swali la Kiswahili halikwepeki. Katiba ya 1995, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaeleza kwa sheria, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo idara inayokiorodhesha Kiswahili pamoja na Kichina na Kijerumani chini ya kichwa cha "lugha za kigeni" inajiweka mahali pagumu mbele ya sheria na sera. Wakati huohuo, mwanafunzi aliyesoma shule zake zote Masaka au Iganga anaweza kufika chuoni akiwa na maneno ya Kiswahili ya sokoni na ya kambi za jeshi tu, na kumchukulia kana kwamba anakijua kwa sababu Katiba inakitaja ni kumdhulumu.

Njia iliyo salama ni kuacha neno "kigeni" katika kifungu chenyewe na kuandika "lugha ya ziada", kisha kuzitaja kwa majina lugha zinazokubalika. Kama kazi uliyoitaja katika hatua ya kwanza inahitaji Kiswahili, kiwekee sharti lake peke yake, bila kumruhusu mwanafunzi akibadilishe na Kifaransa. Muuguzi wa Nakivale hawezi kumhudumia mgonjwa kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa Kijerumani chake kizuri. Kama lengo ni ujuzi wa lugha ya utafiti, acha orodha iwe wazi na msimamizi wa tasnifu aamue kulingana na mada.

Orodha nayo ifuate walimu waliopo. Makerere ina idara za lugha za Ulaya na Mashariki na za lugha za Kiafrika, pamoja na Taasisi ya Confucius iliyoanza mwaka 2014; Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale kina mizizi mirefu ya Kiarabu; Kyambogo imekuwa ikiwaandaa walimu wa lugha kwa miaka mingi. Chuo kipya kilicho mbali na Kampala, chenye mwalimu mmoja wa Kifaransa wa muda, kisiandike lugha tano kwa ajili ya kupendeza macho ya wakaguzi.

Tahadhari moja kuhusu walimu wa bure. Ubalozi au taasisi ya utamaduni ikijitolea kuleta mwalimu bila gharama, pokea kwa shukrani, lakini usigeuze msaada huo kuwa sharti la kuhitimu mpaka chuo kiwe na uwezo wa kuendelea siku mkataba utakapokwisha. Mwanafunzi aliyedahiliwa leo atakuwa bado darasani mwalimu huyo atakapokuwa amerudi kwao.

Hatua ya tatu: Hesabu saa kabla ya kuandika kiwango

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko nyingine, na ndiyo inayorukwa. Vyuo vingi sasa hutumia viwango vya Mfumo wa Pamoja wa Ulaya, uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, vinavyoanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea. Ni viwango vyema kwa sababu vinaeleza mtu anaweza kufanya nini: mwenye A2 anaweza kubadilishana habari rahisi kuhusu mambo ya kila siku, mwenye B1 anaweza kujitegemea safarini na kueleza tukio au maoni yake kwa ufupi, mwenye B2 anaweza kufuata hoja ngumu katika fani yake na kujadiliana na wenye lugha bila kuwachosha.

Tatizo ni kwamba kamati hupenda sana kuandika B2, kwa kuwa inasikika ya heshima. Hebu tuhesabu. Kwa utaratibu wa kawaida wa vyuo vyetu, krediti moja ni saa 15 za mafundisho katika muhula, kwa hiyo kozi ya krediti tatu ina saa 45. Mwanafunzi akisoma kozi mbili za namna hiyo, moja kila muhula wa mwaka wa kwanza, atakuwa amepata saa 90. Akisoma nne, saa 180. Sasa tazama upande wa pili wa mizani: watunzi wa mitihani wa Cambridge, kwa wanaojifunza Kiingereza, hukadiria saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili kufika A2, 350 hadi 400 ili kufika B1, na 500 hadi 600 ili kufika B2. Maana yake ni kwamba kozi mbili hazimfikishi mwanafunzi hata A2, na kozi nne zinamfikisha A2 akiwa na bidii.

Hiyo ni kwa lugha zisizo mbali na zile ambazo mwanafunzi anazijua tayari. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, ambacho kimefundisha lugha kwa miongo mingi na kuweka kumbukumbu, hukadiria kwamba Mmarekani anayesoma kutwa nzima huhitaji kati ya saa 600 na 750 ili kuweza kufanya kazi kwa Kifaransa, takriban 900 kwa Kiswahili, na 2,200 kwa Kiarabu au Kichina. Mganda anayezungumza Luganda, Runyankole au Lusoga hatahitaji muda wote huo kwa Kiswahili, kwa kuwa ngeli na viambishi anavyo tayari kinywani, ilhali Mlangi au Mwacholi, ambaye lugha yake si ya Kibantu, hana nafuu hiyo. Kwa Kichina na Kiarabu hakuna kati yetu mwenye njia ya mkato, isipokuwa waliosoma madrasa, na hao mara nyingi husoma maandishi vizuri kuliko wanavyozungumza. Kwa hiyo sharti la kiwango kimoja kwa lugha zote, ambalo kamati huliona kuwa la usawa, kwa hakika linamtwisha mwanafunzi wa Kichina mzigo mara tatu ya wa mwenzake wa Kifaransa.

Ipo nafasi halali ya kuongeza saa bila kuongeza krediti, na watayarishaji wengi wa mitaala hawaitumii. Katika utaratibu uliozoeleka, saa moja ya mhadhara huhesabiwa kuwa saa moja, lakini saa mbili za mazoezi au za semina huhesabiwa kuwa moja. Darasa la lugha, likifundishwa inavyopasa, ni mazoezi zaidi kuliko mhadhara. Kozi ya krediti tatu ikipangwa kuwa na saa 15 za mihadhara na 60 za mazoezi, inatimiza saa 45 za kihesabu, na mwanafunzi anakaa na mwalimu saa 75 halisi. Kozi nne za namna hiyo ni saa 300. Hapo B1 ya kusoma kwa Kifaransa inaanza kuwa jambo la kuwezekana, na A2 ya kuzungumza inakuwa ya uhakika. Thibitisha kwanza kanuni za chuo chako kuhusu hesabu hii, kisha uiandike wazi katika maelezo ya kozi, maana mkaguzi asipoielewa ataiona kama kosa la kujumlisha.

Ukimaliza hesabu, weka kiwango ambacho mwanafunzi wa kawaida, asiye na kipaji cha pekee wala shangazi Paris, anaweza kukifikia kwa saa hizo. Saa zikipungua, shusha kiwango. Kiwango kisiposhuka bila kuiharibu kazi uliyoitaja mwanzoni, ongeza krediti, na uwaambie wenzako wa kitivo ni kozi zipi zitatoka kuzipisha. Mazungumzo hayo yatakuwa makali, na ni heri yafanyike sasa kuliko baada ya ithibati.

Hatua ya nne: Gawanya stadi

Usiandike kiwango kimoja kwa kila kitu. Kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika hazikui pamoja, na kazi nyingi hazizihitaji zote. Mwanahistoria tuliyemtaja anaweza kutakiwa B1 au B2 ya kusoma peke yake, apimwe kwa kupewa kurasa mbili za maandishi ya fani yake pamoja na kamusi, azifupishe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili kwa muda wa saa mbili, na asiulizwe kabisa kuhusu matamshi. Mhitimu wa utalii apimwe kwa mazungumzo ya dakika 15 mbele ya watahini wawili. Ukigawanya stadi namna hii, saa chache ulizonazo zinatosha kwa mengi zaidi.

Hatua ya tano: Eleza njia za kulitimiza sharti

Njia ya kozi haitoshi peke yake, kwa kuwa wapo wanafunzi wanaofika wakiwa wameshaijua lugha, na kuwakalisha darasani mihula minne ni kupoteza fedha zao na kuwavunja moyo wanaoanza. Weka njia tatu: kufaulu kozi, kufaulu mtihani wa idara wa kupima uwezo, au kuleta cheti kinachotambulika. Mtihani wa idara utolewe angalau mara mbili kwa mwaka, na wa kwanza uwe wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, ili umpange kila mmoja katika kozi inayomfaa.

Katika vyeti, taja jina na daraja. DELF ya Kifaransa haina mwisho wa matumizi. Matokeo ya IELTS ya Kiingereza kwa kawaida hukubalika kwa miaka miwili. HSK ya Kichina, katika mpangilio wake wa ngazi sita, inadai maneno 300 tu katika ngazi ya pili lakini 1,200 katika ya nne, na ni rahisi kwa asiyejua kuziona ngazi hizo kuwa jirani. Gredi za UCE, mtihani wa kidato cha nne, ziangaliwe kwa uangalifu. Aliyefaulu Kifaransa kidato cha nne kisha akakiacha miaka mitatu hana tena kile ambacho cheti kinasema, kwa hiyo mpe mtihani wa kupima uwezo badala ya msamaha wa moja kwa moja.

Wenye lugha ya kuzaliwa wana kifungu chao. Mwanafunzi aliyekulia Bukavu au Mombasa atakuwa na Kiswahili fasaha cha mdomo, lakini kama sharti linahusu kuandika ripoti rasmi, naye apimwe katika kuandika. Kwa upande mwingine, mwanafunzi kutoka Sudan Kusini au Somalia anayesoma kwa Kiingereza tayari anatumia lugha ya ziada kila siku ya masomo yake, na kamati yenye busara itamruhusu ahesabiwe hilo pale ambapo kazi iliyotajwa haidai lugha mahususi.

Hatua ya sita: Pangilia ratiba

Lugha ianze muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, na iende mfululizo bila kuruka muhula. Kozi iliyowekwa mwaka wa kwanza, ikaachwa mwaka wa pili, ikarudi wa tatu, huwalazimisha walimu kufundisha upya yaliyosahaulika, na saa zote ulizozihesabu zinapotea.

Saa tano kwa wiki, yaani zile 75 zikigawanywa kwa muhula wa wiki 15, ziwekwe katika vipindi vinne au vitano. Nimeona ratiba ambamo lugha imepewa kipindi kimoja cha saa tatu Jumamosi mchana, katika ukumbi wa viti zaidi ya 200, mwalimu akiwa na kipaza sauti kinachokatika na wanafunzi wa safu za nyuma wakirudia kwa pamoja sentensi wasizoziona ubaoni. Waliofaulu mtihani wa mwisho walikuwa wengi, kwa sababu mtihani ulikuwa wa kuchagua herufi sahihi. Darasa la lugha lisizidi wanafunzi 30, na likiwa 25 ni bora zaidi. Muhula wa mapumziko, ambao programu nyingi huutumia kwa mafunzo kwa vitendo, unaweza pia kubeba wiki kadhaa za lugha kwa waliobaki nyuma.

Hatua ya saba: Linganisha walimu na fedha

Chukua programu inayodahili wanafunzi 180 kwa mwaka. Kwa madarasa ya watu 30, hayo ni madarasa sita. Kwa saa tano kila wiki, ni saa 30 za kufundisha. Mwaka wa pili utakapoanza, na wa kwanza ukiwa umeshapokea wapya, ni saa 60 kwa wiki. Mhadhiri akibeba saa 12, unahitaji watano. Peleka hesabu hiyo kwa mkuu wa kitivo pamoja na rasimu, na uombe jibu la maandishi. Kama jibu ni kwamba watatafutwa walimu wa muda, uliza watalipwa kutoka fungu gani na baada ya muda gani, kwa maana mwalimu wa muda asiyelipwa muhula mzima haonekani tena muhula unaofuata.

Ada za mitihani ya nje zitajwe pia. Ikiwa sharti linaweza kutimizwa kwa cheti cha kulipia tu, chuo kimeongeza ada bila kuitangaza.

Hatua ya nane: Amua kuhusu alama, kurudia na msamaha

Kuhusu alama, pande zote mbili zina hoja. Lugha ikiingia katika wastani wa jumla wa alama, wanafunzi watachagua lugha waliyokwisha kuijua ili wapate alama za bure, na mwenye ujasiri wa kuanza Kiarabu ataadhibiwa. Isipoingia, wengi wataipuuza mpaka muhula wa mwisho. Ninapendelea kozi mbili za mwanzo ziwe na krediti lakini zitolewe matokeo ya kufaulu au kutofaulu tu, na mbili za mwisho zihesabiwe katika wastani, kwa kuwa kufikia hapo wote wanakuwa wamepata muda wa kusimama.

Aliyefeli aelezwe mapema atarudia lini na mara ngapi. Kozi ya lugha isitolewe mara moja tu kwa mwaka, la sivyo kufeli muhula mmoja kunamchelewesha mtu mwaka mzima kuhitimu.

Wanafunzi wenye ulemavu wasiachwe wakatetewe na huruma ya mkuu wa idara atakayekuwepo. Kiziwi hawezi kudaiwa kusikiliza na kuzungumza. Sharti lake liwe la kusoma na kuandika, au Lugha ya Alama ya Uganda itambuliwe kuwa lugha inayotimiza sharti, na itambuliwe pia kwa mwanafunzi anayesikia ambaye kazi yake itamkutanisha na viziwi. Katiba, katika malengo yake ya kitaifa, inahimiza kuendelezwa kwa lugha ya alama, kwa hiyo hakuna Seneti ya chuo itakayoona jambo hilo kuwa geni. Asiyeona aandaliwe matini za breli au za sauti. Mwenye tatizo la kusoma lililothibitishwa na wataalamu aongezewe muda. Andika nani anaamua, kwa ushahidi gani, na katika siku ngapi.

Hatua ya tisa: Andika kifungu na ukipitishe

Sasa, na sasa tu, kaa uandike kifungu. Kinaweza kuwa hivi:

"Mwanafunzi wa programu hii atatunukiwa shahada baada ya kuthibitisha kwamba anaweza kusikiliza na kuzungumza Kifaransa katika kiwango cha A2 na kusoma katika kiwango cha B1, kwa kufaulu kozi nne za lugha zilizotajwa katika Jedwali la Pili, au kwa kufaulu mtihani wa idara wa kupima uwezo, au kwa kuwasilisha cheti kilichotajwa katika Jedwali la Tatu. Maombi ya msamaha yataamuliwa na kamati ya masomo ya kitivo katika siku 30. Sharti hili litawahusu wanafunzi watakaodahiliwa kuanzia mwaka wa masomo unaofuata tarehe ya ithibati."

Sentensi ya mwisho isikosekane. Mwanafunzi huhitimu kwa kanuni alizodahiliwa nazo, na kumwongezea sharti katikati ya safari ni kumkaribisha mahakamani.

Rasimu hupita idarani, kwenye bodi ya kitivo na Seneti, kisha huenda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001, ambalo ndilo linalotoa ithibati ya programu. Ambatisha sentensi ya kazi, hesabu ya saa, orodha ya walimu na sifa zao, maelezo ya kozi, na mfano wa mtihani. Kama sharti jipya linaongeza krediti au kubadilisha muundo wa programu iliyokwisha kupata ithibati, usianze kulitumia kwa idhini ya Seneti pekee; subiri barua ya Baraza, hasa baada ya mjadala wa mwaka 2023 kuhusu programu zilizopitwa na muda wa ithibati, uliowatia hofu wanafunzi na wazazi nchi nzima.

Hatua ya kumi: Pima matokeo

Kundi la kwanza likikaribia kuhitimu, chagua sampuli ya wanafunzi wapimwe na mtahini wa nje asiyewafundisha, kwa kutumia kazi ileile iliyoandikwa katika hatua ya kwanza. Waliofaulu kozi lakini wakashindwa mbele ya mtahini huyo wanaonyesha kwamba mtihani wa ndani ni mwepesi au saa hazikufundishwa zote. Daftari la mahudhurio la mwalimu litasema ni lipi. Andika pia wangapi waliomba msamaha, wangapi walichelewa kuhitimu kwa sababu ya lugha peke yake, na madarasa yalikuwa na watu wangapi kwa kweli. Takwimu hizo zihifadhiwe kwa msajili wa masomo, wala si katika kompyuta ya mratibu ambaye anaweza kuhama.

Kamati iweke katika kumbukumbu zake kwamba, kama mapitio yanayofuata ya programu yatakuta walimu hawakuajiriwa au madarasa yalizidi ukubwa uliokubaliwa kwa miaka miwili mfululizo, sharti litashushwa kuwa somo la hiari kwa wanafunzi wapya hadi upungufu huo urekebishwe, na wale walio katikati ya programu watapewa mtihani wa kupima uwezo bila ada.